Sinia Halijatimia

Kila asubuhi ya likizo, gereji ya Mjomba ilijaa watu kabla haijajaa magari. Kinyozi wa jirani alihamishia kiti chake mlangoni, wapita njia walisimama "dakika moja tu" wakakaa saa nzima, na habari za mtaa zilifika hapo kabla hazijawafikia wenyewe. Katikati ya zogo hilo alikuwepo Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu, mpwa wa mwenye gereji. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Chiriku alikuwa na kazi yake. Kila kitu kikuukuu kilichofunguliwa kwenye gari kiliwekwa juu ya sinia la bati. Kabla kipya hakijafungwa, yeye alivihesabu vya zamani, kisha akatangaza, "Sinia limetimia!" Bila tangazo hilo, Mjomba hakukaza hata nati moja.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya gari la Mkunga. Alilinunua likiwa limeshatumika, ni la otomatiki, na kila akitia gia lilisita kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mjomba aliliinua kwa jeki, akalikalisha kwenye stendi, kisha akafungua sampu, lile bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi. Oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilitoka nyeusi tititi, inanuka kuungua.

"Mama, hii ni oili au wino?" Mjomba aliuliza. "Na chujio limeziba. Tunabadilisha vyote."

"Badilisha, Fundi. Nina mjamzito ng'ambo ya mlima, siku zake zimefika. Gari likinigomea njiani, atazalishwa na nani?"

Mjomba alichomoa chujio kuukuu, akaliweka kwenye sinia pamoja na gasketi iliyochakaa, ile ya kuzuia sampu isivuje. Wakati huohuo Kinyozi alikuwa anasimulia habari za bwana harusi aliyesinzia ananyolewa, akaamka na nusu ya sharubu. Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Chiriku! Sinia?" Mjomba aliita kutoka chini ya gari.

"Limetimia!" alijibu bila hata kugeuza shingo.

Mjomba akapachika chujio jipya, akafunga sampu, akamimina oili mpya. Mara simu ya Mkunga ikalia. Alisikiliza, akasimama. "Uchungu umemwanza. Fundi, nipe gari langu!"

Watu wakaanza kupishana. Chiriku akachukua sinia akalisafishe. Chujio, gasketi... Mkono wake ukasita. Chujio jipya lilikuja na pete nyeusi ya mpira shingoni. Hili kuukuu shingo yake ilikuwa tupu. Alitafuta sakafuni, akatafuta chini ya meza. Hakuna. Basi pete ya zamani ilikuwa bado imeng'ang'ania ndani ya tundu, na chujio jipya limesukumwa juu yake bila kukaa sawasawa; likichomoka, giaboksi ingekosa oili.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini gari lile lilikuwa linakwenda mlimani.

Mjomba alikuwa tayari ameliteremsha gari na kuketi kwenye usukani. Chiriku alipenyeza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"We mtoto! Lete ufunguo!"

"Sikupi, Mjomba. Sinia halijatimia. Pete ya zamani haikutoka."

"Oyaa! Leo Chiriku ndiye bosi!" Kinyozi alipiga kelele. Gereji nzima ikaangua kicheko.

Mjomba alishuka. "Si umesema limetimia?"

"Nilisema uongo. Sikuhesabu, nilikuwa nacheka."

"Unakiri wewe ni mwongo, halafu unataka nimwage oili mpya kwa maneno yako?"

"Ndiyo!" Chiriku aliuficha ufunguo mgongoni. "Uongo niliusema kwa sababu ulikuwa rahisi. Sasa hivi nyote mnanicheka na kunikasirikia. Nidanganye ili nipate nini? Nifukuze ukitaka, Mjomba, lakini gari hili haliwaki mpaka tuione pete."

Kinyozi aliweka mkasi wake chini.

Mkunga ndiye aliyesogea. "Fundi, fungua."

"Mama, si umeitwa?"

"Huu ni uzazi wake wa kwanza, na uchungu ndiyo kwanza umeanza. Nina muda wa kuchelewa kidogo, sina muda wa kukwama mlimani. Kwetu mtoto akishazaliwa, tunakagua kondo la nyuma. Lisipotoka lote, hatufungi kazi, hata ndugu wakipiga makelele mlangoni. Huyu binti anasema kuna kitu kimebaki ndani. Fungua."

Mjomba alivuta pumzi, akaliinua gari tena kwa jeki, akalikalisha kwenye stendi na kuingia chini yake. Oili wakaikinga kwenye beseni safi. Sampu iliposhuka, alilitikisa chujio jipya kwa kidole kimoja tu. Likamwangukia mkononi. Akaingiza bisibisi ndogo tunduni, akaigeuza taratibu, na pete kuukuu, ngumu kama ukwaju uliokauka, ikadondoka.

Hakuna aliyecheka. Chiriku aliiokota, akaiweka kwenye sinia, akahesabu akikigusa kila kimoja: "Chujio. Gasketi. Pete. Sasa limetimia!"

Walipomaliza, Mjomba aliwasha injini, akapitisha gia zote moja moja, akapima oili injini ikiwa inaunguruma. Gari likaondoka bila kusita, Mkunga akipunga mkono.

Jioni simu ikaja: mtoto wa kike, salama, na mama yake mzima.

Mjomba alimwita Chiriku. "Uongo wako wa asubuhi ungemuumiza mtu usiyemjua kabisa. Hilo usilisahau. Lakini kusema 'nimekosea' mbele ya watu wanaokucheka ni kazi ngumu kuliko kufungua giaboksi, na wewe umeiweza. Kesho sinia bado ni lako."

"Nitahesabu kwa sauti, Mjomba."

"Na nikikuomba ufunguo kabla halijatimia?"

"Sikupi."

"Hata nikifoka?"

"Foka mpaka ukauke koo."

Mjomba alitikisa kichwa, akicheka. "Vizuri. Usinipe."