Ndugu Sita wa Bibi

Haya yalimkuta rafiki yangu, mwanafunzi wa historia, wala si mtu wa kuogopa kivuli chake. Alikwenda kumrekodi bibi yake kwa simu akitaja ndugu zake sita, wote waliofariki wakiwa watoto. Chumbani walikuwa wawili tu. Mwishoni, kama walivyofundishwa chuoni, akataja jina lake mwenyewe, akatulia kidogo, akazima simu.

Kesho yake mchana akakaa maktaba, akavaa spika za masikioni, aandike aliyoyarekodi. Bibi anataja jina, ananyamaza. Kwenye kile kimya, kwa mbali, mtoto anaitika: “Nipo.” Jina la pili, sauti nyingine: “Nipo.” Hivyohivyo mpaka la sita.

Akampigia bibi, akamweleza.

“Mjukuu wangu,” bibi akauliza taratibu, “na pale ulipojitaja wewe, umesikiliza?”

Akasikiliza mwisho. Jina lake, kisha kimya. Halafu sauti yake mwenyewe, kwa mbali:

“Nipo.”