Fyuzi Mfukoni mwa Mwingine

"Bado haijaja, mpenzi," Profesa alisema simuni, kabla Bisi hajauliza kitu.

Bisi alikuwa amesimama chini ya ngazi kwenye nyumba ya mteja, kashika simu ya mjomba wake, mikono imejaa vumbi la ukuta.

"Umejuaje nataka kuulizia ile namba?"

"Si ndiyo wimbo wako kila siku? Tulia. Ikiingia nitakutumia."

"Mwisho ni leo saa kumi, Profesa. Nisipothibitisha, nafasi yangu ya ufundi umeme wanampa mwingine."

"Nakupenda, Bisi."

Akakata.

Walipomaliza sekondari, ambako mchumba wake alipewa jina la Profesa, waliomba vyuo siku moja, meza moja. Simu ya Bisi ilikuwa imekufa, akaandika namba ya Profesa. Mchumba ni mchumba, angemwogopa ya nini? Vyuo viwili vikamkubali: chuo kikuu, alikoomba kumridhisha Profesa, na chuo cha ufundi, alikokuota tangu alipoanza kubeba bisibisi za mjomba mpaka mtaa ukampa jina la Bisi. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja kati ya hivyo ingekuja kwa ujumbe, na ingetumika mara moja tu.

"Mjomba, natoka kidogo."

"Nenda. Ila swichi kubwa usiiguse."

Mjomba alipapasa mfuko wa shati kuhakikisha fyuzi imo. Hiyo ndiyo sheria yake: anayeshika waya huchomoa fyuzi akaitia mfukoni mwake mwenyewe, asije mtu akawasha umeme. Hampi msaidizi, hampi mwenye nyumba, hata mkewe hampi.

Kwa kina Profesa mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa anakunja nguo sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Na hongera! Mwenzio kaniambia tangu juzi kwamba mnakwenda wote chuo kikuu. Nikasema afadhali, mambo ya kupanda mapaa si ya mke wa mtu."

"Tangu juzi?"

Profesa alitokea chumbani. Alipomwona Bisi, alitabasamu.

"Nipe simu yako," Bisi alisema.

Akampa bila ubishi, na hilo lilimtisha Bisi zaidi. Ujumbe wenye namba uliingia juzi, saa tatu asubuhi. Chini yake kulikuwa na mwingine:

"Umethibitisha nafasi yako ya shahada ya uhasibu. Uamuzi huu haubadilishwi."

"Umefanya nini?"

"Nimetuokoa. Miaka mitatu mimi huko, wewe huku unashinda kwenye ngazi na mafundi. Tungeachana, Bisi."

"Kwa hiyo ukanichagulia maisha."

"Kwa mapenzi! Yote nimefanya kwa mapenzi."

"Na siku ya ndoa, utaitikia kwa niaba yangu pia?"

Mama aliacha kukunja nguo. Profesa akamshika Bisi kiganja, akakibana.

"Utazoea," alisema taratibu.

"Niachie."

"Nimesema utazoea."

"Mwachie mtoto wa watu!" Mama alifoka. "Baba yako naye alianza hivi hivi."

Profesa aliachia. Bisi alitoka mbio, viatu mkononi, machozi yanamtiririka. Alilia kwa hasira, na alilia kwa sababu bado alikuwa anampenda.

Kule kwa mteja, mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu.

"Fyuzi ilikuwa mfukoni mwa nani?"

"Mwake, mjomba."

Simu ya mjomba ikalia. Ujumbe wa Profesa:

"Hasira zikiisha, funga begi. Nimeshakukatia tiketi. Jumatatu nakufuata hapo hapo."

Bisi alisoma mara mbili. Kisha akaandika:

"Tiketi mpe mwingine. Chuo kikuu siendi, na wewe hunioi. Mwaka huu nitashika ngazi kwa mjomba. Mwakani nitaomba tena, kwa namba yangu."

"Jumatatu mimi nitakuwepo hapa," mjomba alisema. "Asubuhi mpaka jioni."

Akachomoa fyuzi kwenye mfuko wa shati, akamkabidhi.

"Leo panda wewe."

Bisi alifuta machozi, akaitia mfukoni mwake na kufunga kifungo. Alipofika juu ya ngazi, simu ikaanza kuita. Ikaita tena, na tena. Alishika waya, akaendelea na kazi.