Mkono Uliotoa Kizibo

Kaka yake hakumpa ufunguo mkononi. Aliuweka juu ya boneti ukiwa umefungwa ndani ya leso, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama nje ya kivuli cha gereji, na jua la saa saba mchana siku hiyo halikuwa na masihara.

"Limegoma tangu juzi," alisema. "Liangalie, mdogo wangu."

Fundi alicheka. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, maana nusu ya mafundi wa magari wa eneo lile walipitia mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumwona akimwachia mtu mwingine gari lake, hata kwa kujaza upepo tu.

"Mwalimu kashindwa na gari? Leo kweli mvua itanyesha."

"Mikono inanitetemeka siku hizi. Na mtoto naye, hali ni ile ile."

Kicheko kikamwisha. Mtoto wa kaka yake alikuwa na miaka sita na walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Sasa ulikuwa mwezi wa nne hajatamka neno. Madaktari walimchungulia koo, wakampima kichwa, wakasema mzima. Fundi hakujaliwa mtoto. Kasuku ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila jioni kumweleza nani kapigana na nani shuleni, na tangu sauti ile inyamaze, jioni zake zilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

"Liache hapa," alisema. "Likiwaka nitakuja kumchukua nimzungushe. Anapenda sana kukaa kiti cha nyuma, huenda akachangamka."

Mwalimu aligeuka. Aliondoka kwa miguu bila kuaga, yeye ambaye hakuwahi kuondoka mahali bila kumwombea dua anayemwacha. Fundi akasema moyoni kwamba ni uchovu. Ndivyo tulivyo. Mtu tunayempenda tunamtafutia udhuru hata kabla hajaomba.

Lilikuwa gari la haibridi, yaani lina injini ya petroli na pia mota ya umeme, na betri mbili: ndogo ya kuamsha mitambo, na kubwa sana iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Mwalimu alilinunua mnadani miezi mitano iliyopita. Lilikuwa rahisi kupita kiasi, naye hakuuliza kwa nini.

Alipokaa kiti cha dereva, Fundi alihisi kiti kina joto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Gari lilikuwa limekuja likivutwa kwa kamba, na kaka yake alikuwa amepanda gari la mbele, ambalo dereva wake alikuwa ameshaondoka nalo. Nani basi alishika usukani? Akajiambia ni jua. Akabonyeza kitufe. Dashibodi ikawaka taa zote, lakini ile taa ya kijani inayosema gari liko tayari haikuja. Akapima betri ndogo: volti kumi na mbili na ushee, nzima kabisa. Akachomeka mashine ya kusoma makosa. Mashine ikasema hakuna kosa hata moja.

Gari limegoma, na halina ugonjwa. Hapo ndipo wenzake wangeanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Fundi hakuwa na tabia hiyo, maana yeye alikuwa na sikio. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Mzee Rangi, mpiga rangi wa banda la jirani, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanamke huyu anaweza kusikia sisimizi akikohoa, na kwamba katika mji wote ni masikio mawili tu yaliyofikia hapo, lake na la kaka yake.

Alisikia kitu nyuma, chini ya kiti. Kidogo sana. Akang'oa kiti na kuanza kujipenyeza.

"Mtaka cha mvunguni!" Mzee Rangi alimtania, brashi mkononi.

"Njoo uiname wewe basi, kama kiuno bado kinakunjika."

Kwenye betri kubwa kuna kizibo cha rangi ya chungwa. Ukikitoa, umeme mkubwa unakatika. Kanuni ya Mwalimu kuhusu kizibo hicho haikuwa na mjadala: aliyekitoa anakitia mfukoni mwake, na ni yeye peke yake atakayekirudisha, kwa mkono wake mwenyewe. Sababu ni wazi. Akikirudisha mwingine wakati mikono yako bado iko ndani, utaungua hapo hapo. Fundi hakuwahi kuivunja kanuni hiyo hata siku moja.

Akavaa glavu za mpira, akakata betri ndogo, akatoa kizibo, akakitia mfukoni, akasubiri dakika kumi ili umeme uliobaki uishe. Gari lililokatwa betri zote mbili ni bati tu.

Ndipo feni ya kupoza betri kubwa ilipoanza kuzunguka.

Haikuvuma kama feni. Ilivuta, ikanyamaza kidogo, ikaachia, ikavuta tena, na pamoja na ule upepo ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na Fundi, aliyekuwa amelala kifudifudi uso wake karibu kabisa na tundu la feni, aliona nywele zake zilizochomoza chini ya kitambaa zikivutwa taratibu kuelekea kwenye giza la tundu lile, zikaachiwa zikamwangukia shavuni, zikavutwa tena, kwa mwendo ule ule wa kifua chake mwenyewe, hivi kwamba alipozuia pumzi kwa hofu, na kile kilichokuwa ndani nacho kikazuia, kikangoja, na alipopumua kikapumua.

Alitoka kinyumenyume akigonga kichwa mlangoni.

"Umesahau kukata betri?" Mzee Rangi alinong'ona. Utani ulikuwa umemtoka wote.

"Nimekata zote. Kizibo hiki hapa."

"Basi anayepumua humo ni nani?"

Fundi akapiga simu, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Kaka yake alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umeshatoa kizibo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Kaka, feni inazunguka bila umeme. Kuna kitu humu. Kinanifuatisha nikipumua."

"Rudisha kizibo. Kirudishe sasa hivi, usikiache nje."

"Siingii tena humo!"

"Nipe mimi nikichomeke, mwanangu," Mzee Rangi alisema, akanyoosha mkono. "Mimi nimeshazeeka, hata nikiungua hasara ni ndogo."

"Asiguse!" Simu ilipiga kelele. Kisha ikarudi chini, taratibu, ile sauti iliyomfundisha kusoma, kuhesabu na kushika spana. "Ni kanuni, mdogo wangu. Mkono uliokitoa ndio unaokirudisha. Umesahau?"

"Kaka, humu ndani mna nini?"

"Hamna kitu. Unaniamini, au huniamini?"

Alimwuliza hivyo mtu ambaye hakuwahi kuwa na mwingine wa kumwamini. Wazazi wao walipokufa yeye alikuwa na miaka saba na kaka yake kumi na tisa, na kijana huyo aliacha masomo, akawa analala na njaa ili mdogo wake ale. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakukutana na Mwalimu akiwa amekabwa na shida.

Fundi akaingia. Aliingia mkono umetangulia, na ile pumzi ikamgonga usoni ikiwa na harufu yake ya nywele zilizoungua, ikaenda kasi, ikaenda kasi zaidi kadiri mkono ulivyokaribia, kama mtu anayeona maji baada ya kiu ya siku nyingi, mpaka kizibo kilipoingia mahali pake na kujifunga, na kitu chenye joto kikampanda kutoka kwenye vidole hadi kiwikoni, kikapita begani, kikatulia shingoni, chini ya taya.

Kimya. Harufu ikakatika. Akaunganisha betri ndogo, akabonyeza kitufe, na taa ya kijani ikawaka palepale, vizuri, kama ya gari jipya.

"Limewaka, Kaka," alisema, na machozi yakamtoka kwa kufarijika.

Kwenye simu alisikia mtu akilia, kisha vishindo vya miguu midogo, kisha sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi minne.

"Shangazi! Shangazi, naongea!"

Akainyakua simu akaibana sikioni. Alicheka, akalia, akamwita jina lake la utani mara kumi. Katikati ya furaha hiyo aligundua kwamba kompresa ya Mzee Rangi, mashine ya upepo wa kupulizia rangi, imenyamaza. Alipotazama, mkanda wake ulikuwa unazunguka. Lori lilipita barabarani likitimua vumbi bila mlio wowote. Akapiga mguu chini kwa nguvu. Aliuhisi mshindo kwenye goti tu. Mzee Rangi alikuwa mbele yake anafungua na kufumba mdomo, macho yamemtoka. Duniani kote ilibaki sauti moja tu, ya Kasuku, nayo ilikuwa inazidi kwenda mbali.

"Yule wa kwenye gari ametoka kooni kwangu, Shangazi. Alisema ataniachia akipewa masikio ya fundi. Mganga alimpeleka Baba kuongea naye."

"Masikio ya fundi gani, mwanangu?"

"Alimwuliza Baba, nichukue yako au ya dada yako? Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Baba hata hakufikiri. Alikutaja wewe yule hajamaliza kuuliza."

Kisha sauti hiyo nayo ikaisha.

Fundi aliitazama simu. Kwenye kioo chake aliona namba bado zinahesabu sekunde, kwa hiyo upande wa pili palikuwa na mtu. "Kaka," alisema, na neno lenyewe hakulisikia, alilihisi tu likimtetemesha koo. "Kaka, ungeniomba. Ungeniambia ni kwa ajili ya mtoto, ningekupa mwenyewe. Kwa nini hukuniomba?"

Aliuliza mara tatu, akasubiri kila mara. Kama alijibiwa, au aliombwa radhi, au kaka yake alikaa kimya tu, hakujua, na hatajua kamwe.