Zamu ya Kibodi

Kibodi ilikuwa na joto, wajukuu zangu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi, na kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa.

Bibi harusi aliigusa, akaondoa mkono. Mgeni aseme nini? Fundi kompyuta alikuwa amemuoa mwezi ule, kamtoa kwao mbali wanakoandika kwa herufi nyingine kabisa. Kwa mapenzi, mume akashinda kutwa akibandika herufi za kwao juu ya zile za zamani, kitufe kimoja kimoja, na kompyuta akaigeuza ifuate, ili mke aweze kumwandikia mama yake. Kibodi ile mume alikuwa nayo tangu ukapera. Jioni zote alikuwa akiipapasa mpaka anasinzia juu yake.

"Mume wangu, nani kapaka mafuta ya waridi humu?"

"Si wewe?"

"Mimi nanuka vitunguu tangu asubuhi."

Wakacheka wawili. Vikasikika vicheko vitatu.

Kesho yake mume yuko kazini, bibi harusi anakunja nguo, akasikia ta, ta, ta, akadhani panya, akaenda na ufagio, akakuta kiti kitupu na vitufe vinabonyea vyenyewe, polepole, kwa hasira, na kwenye kioo cha kompyuta zinajipanga herufi za kwao ambazo hazitoi neno lolote la kwao, zikiisha zinarudi zilezile, na harufu ya waridi inamjaa kooni. Akabandua kibandiko cha kila herufi iliyotokea, asome ya zamani iliyo chini.

M. K. E. Halafu M. W. E. N. Z. A.

Akampigia wifi yake, akinong'ona. Wifi naye akanong'ona, utadhani yumo chumbani.

"Huyo jini, wifi. Alimzoea kaka kabla yako. Vitufe hivyo ndivyo vidole vyake, sasa anaona vinabandikwa herufi za mwingine."

"Nimfukuze vipi?"

"Umfukuze wewe uliyekuja juzi? Zungumza naye kwa adabu. Yeye ndiye mkubwa."

Bibi harusi akapiga magoti mbele ya meza.

"Shikamoo, dada. Sikujua kama nimekukuta. Tusigombane, tuwekeane zamu. Asubuhi yangu, jioni yako."

Akavitazama vitufe. Kisha vikabonyea mara nne, taratibu. Akabandua, akasoma: HAYA.

Akashusha pumzi. Akapika kwa furaha siku hiyo.

Jioni mume akarudi, ananukia waridi. Akampita mkewe mlangoni kama anapita kabati, akaingia chumba cha kompyuta, akafunga kwa komeo.

"Mume wangu, chakula kinapoa."

"Nimekuja, mke wangu," akajibu mle ndani, kwa sauti ya chini, tamu, na hakuwa akimjibu yeye.

Bibi harusi akabaki na sahani mkononi. Yeye alisema zamu akifikiria kibodi. Mwenzake aliisikia kama wake wenza wanavyoisikia.

Akatega sikio mlangoni mpaka chakula kikaganda. Hakikulia kitufe hata kimoja.