Mwalimu Kipyego Apinga Harusi Yake

—Mimi napinga!

Kanisa zima likageuka. Pasta, aliyekuwa ametoka tu kusoma tangazo la ndoa kwa Jumapili ya kwanza kati ya tatu, akavua miwani.

—Mwalimu Kipyego, si wewe ndiye unaoa?

—Sikuleta majina mimi! Tulikubaliana tungoje dawa!

Wee! Eldoret nzima, tangu lini bwana harusi akapinga harusi yake mwenyewe? Mwihaki alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye aliyepeleka majina kwa siri. Miaka minane amekaa na huyu mwanaume bila harusi, na sasa saratani yake ya titi ilikuwa imeshafika mifupani. Akajikokota nje, mgongo ukimuuma vibaya. Kipyego akamfuata mbio.

—Mwihaki, nisikilize. Si nilikuchorea? Uvimbe unajiotea mishipa ya damu ndiyo upate chakula. Hiyo dawa inazuia mishipa isiote, uvimbe unakosa chakula, unanyauka. Nimeandikia wale watafiti wa Amerika. Ukipona, tutafanya harusi kubwa.

—Walijibu?

—Bado.

—Mwongo! Ijumaa nilifua koti lako. Barua nimeisoma. Dawa bado iko kwa panya, Mwalimu. Kwa panya! Miaka mingi kabla ifike kwa mtu.

Kipyego akapapasa mfuko wa koti, kana kwamba barua bado imo.

—Kwa nini ulinificha?

—Ningekuambiaje? Nikikuoa saa hii, ni kama nimekubali unakufa. Sikubali, Mwihaki! Nafundisha watoto wa watu bayolojia kila siku na siwezi kukusaidia na chochote!

—Nani amekuomba unitibu? Nimechoka kungoja, Kipyego! Nikifa hivi, watu wetu watanichukua wanizike Burnt Forest kwa baba, kama msichana ambaye hakuolewa. Nataka kulala kwako Kapseret. Niitwe bibi yako, hata kama ni kwa mwezi mmoja.

Akaanza kulia, kwa hasira zaidi ya uchungu. Kipyego naye akalia, mwanaume mzima, mbele ya akina mama waliochungulia dirishani. Kisha akamshika mkono, wakarudi ndani polepole. Sadaka ilikuwa ikipitishwa.

—Pasta, samahani. Zile Jumapili mbili za tangazo zimebaki...

—Unapinga tena, Mwalimu?

—Hapana. Naomba uzisome zote leo.