Mabuti Kwenye Bwawa

Kila jioni baada ya kula, Bragi alikuwa na kazi moja nyumbani: kutazama saa. Mchana aliendesha greda la kuondoa theluji barabarani. Jioni aliendesha familia yake vilevile. Mkewe Hrefna alimwambia mara nyingi kwamba mtoto si theluji. Bragi alimjibu kwa methali, "Samaki mkunje angali mbichi." Mji wao ulikuwa wa wavuvi, na hakuna aliyebishana na samaki.

Samaki mwenyewe aliitwa Vala, binti yao wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwezi wa Novemba angetimiza kumi na mitatu. Sheria ya nchi kila mtu anaijua, maana imebandikwa kwa sumaku kwenye friji. Wakati wa baridi, mtoto wa miaka kumi na miwili awe nyumbani saa mbili usiku. Wa kumi na mitatu anaachiwa hadi saa nne.

Jumanne moja ya Februari saa mbili ilifika, Vala hakufika. Bragi alijua alipo. Vijana wote wa mji hukaa kwenye kibwawa cha maji moto, nje, kando ya bwawa la kuogelea. Theluji inawaangukia vichwani na wao wanacheka tu. Bragi akatoka mbio. Akapita vyumba vya kubadilishia nguo, akatokea kibwawani na koti lake, kofia yake na mabuti yake ya kazini.

"Vala! Saa mbili! Toka majini!"

"Baba, wenzangu wote wanabaki..."

"Wenzako si wanangu! Toka kabla sijaingia!"

Watu wote waligeuka. Lakini hawakumtazama usoni, walimtazama miguuni. Mji ule ungeweza kumsamehe mtu aliyegombana hadharani. Aliyeingia na viatu mahali pa kuogelea, hapana.

"Bragi!" Lóa, mhudumu wa bwawa, alimjia na brashi mkononi. "Mabuti! Umelelewa wapi wewe?"

Vala alitoka majini, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Walipofika mlangoni kwao alisema, "Kuanzia leo sikwambii kitu."

Akatimiza ahadi.

"Shule vipi?" Bragi aliuliza asubuhi.

"Shule."

"Mlikula nini?"

"Chakula."

Zamani msichana huyu alikuwa akipanda naye kwenye greda, akiongea mpaka mwisho wa barabara. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na ukimya ule ulimuuma Bragi kuliko baridi.

Ijumaa Lóa akabisha hodi. Alikuwa jirani yao, tena kiongozi wa matembezi ya wazazi. Kila Ijumaa jioni wazazi wachache huvaa vizibao vya njano na kuzunguka mji, waone vijana wanaendeleaje.

"Vaa, twende," Lóa alisema. "Leo mabuti ruksa."

Bragi akachukua tochi kubwa ya greda. "Tukiwakamata tunawapeleka wapi?"

Lóa alicheka mpaka akashika ukuta. "Tumkamate nani? Sisi si polisi, jirani! Tunatembea, tunasalimia, tunaonekana. Kijana akipata shida anajua pa kukimbilia. Na sisi wazazi tunajuana. Tukishika saa zilezile sote, hakuna mtoto wa kukwambia eti mama wa fulani anaruhusu."

"Ndiyo maana nikamtoa Vala saa mbili."

"Ulimtoa mapema. Sheria inahesabu mwaka wa kuzaliwa, haihesabu siku. Vala na wenzake wale wamezaliwa mwaka mmoja. Tangu Januari, yeye ni wa saa nne."

Bragi alisimama katikati ya barabara. "Lakini keki ya kumi na mitatu hatujakata!"

"Sheria haili keki, Bragi."

"Samaki mkunje..."

"Akunjwe, sawa. Nani kasema avunjwe? Mtoto wa umri huu anataka mipaka, na anataka mapenzi. Ukimpa mipaka bila mapenzi, atakuficha mambo. Ukimpa mapenzi bila mipaka, atapotea. Kaeni mezani mpange pamoja. Msikilize kabla hujajibu. Na ukikosea, sema nimekosea."

"Mimi? Kwa mtoto?"

"Kwa mtoto. Tena palepale ulipomwaibisha."

Kesho yake Bragi alikwenda bwawani, akaacha mabuti mlangoni. Akaoga kwa sabuni kama inavyotakiwa. Kisha akaingia kibwawani na tumbo lake lote, maji yakamwagika nje. Vijana wakasogea kumpisha.

"Vala," alisema, "nilikosea saa. Na nilikosea kukupigia kelele. Nisamehe."

"Na mabuti?"

"Na mabuti."

Wenzake wakaangua kicheko. Vala alijikaza, akashindwa.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Vala akasema, "Baba, nikikwambia kitu utapiga kelele?"

"Nitajitahidi nisipige."

"Wale wa darasa la kumi wana sherehe Ijumaa, nyumbani kwa mmoja wao. Wazazi wake, wenye nyumba, wanasafiri. Kutakuwa na bia. Wametualika."

Kelele ilimfika Bragi kooni. Akaimeza. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amelizoea. "Wewe unaonaje?"

"Sitaki kwenda. Lakini nikisema hapana watanicheka. Nataka hapana iwe yako."

Jioni ile walikaa mezani wote watatu. Vala alipanga ishara. Bragi aliahidi kuingoja nyuma ya mlango wa kioo wa bwawa. Hrefna akasema atawaarifu wenye nyumba, bila kutaja jina la mtu.

Ijumaa ikafika. Wale wakubwa walikuja kibwawani. Hawakujua bado kwamba wenye nyumba wameahirisha safari.

"Vala, twende?"

Vala akajivuta sikio.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Bragi alitoka peku kwenye theluji, akirukaruka kwa baridi.

"Vala! Nyumbani! Sasa hivi!"

"Baba, jamani! Unaniaibisha!" Vala alilalamika vizuri kabisa.

Wakubwa wakamwonea huruma. "Pole, Vala. Baba yako mkali kweli."

"Hamjui tu," alisema Vala, akatoka majini upesi.

Lóa, aliyekwisha vaa kizibao chake cha matembezi, alimtazama Bragi miguuni. Vidole vilikuwa vyekundu, safi, havina buti.

"Kumbe umelelewa vizuri," alisema.

Njia nzima Vala aliongea. Aliongea juu ya mwalimu, juu ya rafiki yake, juu ya sikio lake na jinsi alivyoogopa baba hataliona. Bragi hakupata nafasi ya kutia neno hata moja. Hajawahi kufurahi hivyo.