Wajomba Wengi wa Asekenye

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asekenye alifagia uwanja, kisha akapeleka ndoo ya maji kwenye mlango wa nyumba ya marehemu nyanya yake. Nyumba hiyo ilikuwa nyuma ya kwao, karibu na barabara ya Malaba ambako malori husubiri kuvuka kuingia Uganda. Foleni ikiwa ndefu, madereva hutafuta mahali pa kuoga na kulala. Mama yake, Alaso, aliwakaribisha kwa malipo.

Siku moja alikuja Bwana Opolot, afisa wa afya. "Mama, kulaza wageni kwa malipo ni biashara," alisema. "Lazima uwe na leseni. Nyumba ikaguliwe, na kila mgeni ujue jina lake na mtu wake wa kupigiwa simu. Kabla ya hapo, usipokee mtu."

Mama alifoka. "Nyumba hii niliachiwa na mama yangu! Leo mnanichagulia atakayelala ndani?"

"Njoo ofisini tuanze, mama."

"Nilikuja! Mara afisa ameenda Busia, mara mtandao umepotea. Nyinyi mnataka nini?"

Asekenye naye alichemka kwa hasira. Kwa nini mama yake asumbuliwe kama mwizi?

Bwana Opolot alipoondoka, Mama alipata njia yake ya kuikwepa sheria. Watu wa Malaba wameoana na watu wa ng'ambo ya mpaka, na wageni kutoka Tororo huja kila siku bila kuulizwa. "Mtu akikuuliza," alimwambia Asekenye, "sema huyu ni mjomba wako."

Basi wajomba wakaanza kuja. Walikuja warefu kwa wafupi, wengine hata Kiteso, lugha ya kwao Asekenye, hawakujua. Shuleni, mwanafunzi mwenzake Quinton hakukosa la kusema.

"Asekenye! Mjomba wa leo anaendesha nini? Tangi au kontena?"

Wenzake walicheka. "Kumbe nyanya yake alizaa foleni nzima!"

Maneno hayo yalimchoma. Nyanya alikuwa mtu wa sala, na sasa jina lake lilikuwa mzaha. Jioni alimweleza Mama huku machozi yakimlengalenga.

"Waache, watachoka wenyewe," Mama alijibu, akiendelea kuchambua mboga.

Jumamosi, Asekenye alipopeleka chai, alimkuta mgeni ameanguka kando ya kitanda. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alitetemeka na kunong'ona maneno yasiyoeleweka. Asekenye alipiga kelele. Mama akaja mbio, wakaita bodaboda mbili, wakamkimbiza kituo cha afya.

Muuguzi, Sista Roselida, aliwapokea mlangoni. "Ni nani wako?"

"Kaka yangu," Mama alisema.

"Jina?"

Mama alisita. "Ee... Echodu. Ni malaria, sista. Mpe dawa ya malaria."

"Ana sukari?"

"Hapana. Ukoo wetu hauna sukari kabisa."

Asekenye alimtazama yule mtu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Hasira aliyoimeza wiki nyingi ikapanda yote kwa pamoja.

"Si mjomba!" alipaza sauti. "Ni mgeni wa kulipa! Hatumjui! Mama, atakufa na jina tulilombandika!"

Mama akainamisha kichwa. "Mtoto amesema kweli."

Sista hakupoteza muda. Alimchoma mgonjwa kidole, akapima damu. "Sukari imeshuka sana! Mngenipotezea mtu!" Akamtundikia maji yenye glukosi. Asekenye alifumba macho akaomba, "Mungu, usimchukue akiwa kwetu." Baada ya muda, mgonjwa alifumbua macho. Aliitwa Callistus. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa amejidunga dawa ya kushusha sukari bila kula.

Jumatatu, Mama alifunga nyumba ya nyanya kwa kufuli, akaenda kwa Bwana Opolot, akamweleza yote. Hakuishia hapo. Kwenye baraza la chifu alisimama akauliza mbele ya watu wote kwa nini mama mwenye nyumba moja ndogo azungushwe miezi akitafuta leseni. Watu walipiga makofi. Bwana Opolot alikiri kwamba ofisi ilikuwa imekosea, na juma hilohilo alikuja kukagua. Madirisha mawili yaliyokuwa yamepigiliwa misumari yalifunguliwa. Leseni ikatoka.

Jioni moja lori lilipoegeshwa, Asekenye alimsikia Quinton akiita kutoka barabarani, "Mjomba mwingine huyo!"

"Si mjomba," alijibu bila aibu. "Ni mgeni wetu. Jina lake ninakwenda kumuuliza sasa."

Mama alicheka, kisha akamshika bega. "Mwanangu, hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini niliipeleka pabaya. Sheria ikikuonea, isemee mbele za watu. Ukiikwepa kwa uongo, atakayeumia huenda ni mtu asiye na kosa. Haya, mpelekee mgeni maji. Na umuulize kama amekula."